Mkalimani wa Jasusi

Mkalimani wetu alikuwa hakai. Banda langu la video pale Kibiti lilikuwa na mabenchi kumi na mawili, na hapakukosekana mtu wa kumpisha, maana alikuwa mama wa makamo na sisi tulifunzwa adabu. Akakataa kila siku. Alisimama kando ya televisheni, tochi mkono wa kulia, kanga ya pili ameifunga kiunoni, akatufasiria mambo ya Kizungu tangu alasiri mpaka inapokaribia adhana ya magharibi. Akimaliza alikunywa maji gilasi nzima bila kupumua, akaaga, akaenda zake.

Alizaliwa lini, baba yake nani, babu yake alitoka mlima gani, hayo wanayo wenyewe. Mimi nilichonacho ni zile alasiri zake, na zinanitosha. Jambo moja tu la ukoo wake siwezi kuliruka, kwa sababu sote tulilijua na lilikuwa linatutia wasiwasi. Dada yake mkubwa alifariki kijijini kwao Mtunda, akaacha mabinti wawili. Kwetu mtu mzima akifariki, baada ya matanga wazee hukaa, wakamchagua ndugu wa kurithi jina lake. Mrithi huketishwa mkekani, akafunikwa nguo ya marehemu, na tangu siku hiyo watu wote humwita kwa jina lile, na watoto wa marehemu humwita mama au baba. Wazee wa Mtunda walimchagua Mkalimani. Akagoma. Akawaambia wamtafute mwingine, na wao wakasema hakuna mwingine. Kwa hiyo jina la dada lilikaa bila mtu, na mabinti wakakaa bila wa kumwita mama, mwaka hadi mwaka.

Kazi aliyokuwa akifanya zamani ilikuwa ya tochi. Katika jumba moja la sinema Dar es Salaam, kwa miaka ishirini, aliwaongoza waliochelewa mpaka kwenye viti vyao gizani. Hakuruhusiwa kukaa, ndiyo maana hata kwangu hakuweza. Video zilipoingia nchini na biashara ikawa huria, watu waliacha sinema, jumba likageuzwa ghala la mitumba, naye akaondoka na ile tochi na Kiingereza chote alichokiokota ukutani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeuza korosho kwa wanunuzi binafsi, mara yangu ya kwanza kushika fedha za kueleweka, nikanunua televisheni, deki na jenereta. Nilijiona mtu mkubwa. Siku ya kwanza aliyokuja alilipa kiingilio kama wengine, akasimama nyuma. Nilikuwa nimeweka kanda ya jasusi mmoja, Mzungu wa suti, ambaye filamu zake zilikuwa nyingi na zikiendelea kutengenezwa tangu sisi watoto. Hakuna aliyejua Kiingereza mle ndani, mimi nikiwa wa kwanza. Mtu wa benchi la mbele akawaelezea wenzake kwamba yule Mzungu amepotelewa na ng'ombe.

"Siyo ng'ombe!" ikatoka sauti nyuma. "Anatafuta makaratasi ya siri! Na huyo mnayemchekea mwenye kofia ndo mwizi mwenyewe!"

Tochi ikawaka, mwanga ukamtua mwenye kofia usoni. Banda zima likageuka. Kesho yake sikumtoza kiingilio, na tangu hapo hakutozwa tena.

Hiyo tabia ya kumulika wabaya hakuiacha. Filamu ikianza tu, msaliti hajatenda lolote, tochi ilishamfikia. "Huyu msimwamini." Nikamwambia, mama, unatumalizia utamu. Akanijibu kwamba yeye aliwahi kumwamini mtu kwenye filamu mpaka mwisho, akaumia, na hapendi wenziwe waumie.

Ukalimani wake ulikuwa na sheria. Pombe zote ziliitwa sharubati, ingawa majina yake ya Kizungu aliyajua kuliko mwenye baa. Jasusi alipoonekana kitandani na mwanamke, alizima tochi, akatuamuru tutazame chini, na akasema kwa sauti ya taratibu, "Hapa wanaagana."

"Mama," aliuliza siku moja muuza kamba wa Mbuchi, "mbona wanaagana muda mrefu hivyo?"

"Safari yake ya mbali."

Huyo muuza kamba alikuja Kibiti mara moja kwa wiki na kapu lake la kamba wakavu, na asingeondoka bila kuona jasusi. Yeye na akina mama wa benchi la pembeni ndio waliompa jasusi jina la Shemeji. Hoja yao ilikuwa kwamba kila kanda ana mke mwingine, na wake wote hao ni dada zetu.

Kiingereza cha Mkalimani nacho kilikuwa cha filamu tupu. Ulipokuja mradi wa barabara, mtaalamu mmoja wa kigeni alisimama bandani kwangu akaomba maji, nikamsukumia Mkalimani amwongeleshe. Waliongea maneno machache. Yule bwana akaacha chupa yake, akarudi garini haraka haraka, dereva akawasha.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimkaribisha tu. Nilimwambia tulikuwa tunamsubiri siku nyingi, na asijaribu kukimbia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakuona cha kuchekesha, maana kila alipoyasikia maneno hayo kwenye filamu, mgeni alikuwa anapewa kiti na kinywaji.

Sasa nieleze habari ya sura. Kanda zilinifikia kwa basi kutoka Dar, na siku moja nikaweka moja ambayo jasusi alikuwa mtu mwingine kabisa. Jina lile lile, kazi ile ile, bastola ile ile, lakini uso mgeni. Banda likachafuka.

"Huyu nani?"

"Ndo Shemeji."

"Siyo Shemeji! Shemeji ana kifua. Huyu kama karani wa bwana shamba!"

Wengine walikwishasimama kudai viingilio vyao. Mkalimani akaniambia nisimamishe deki. Akasubiri kelele zipungue, akauliza: "Nyie, kwenu mtu akifa, jina lake linakwenda wapi?"

Mmoja akajibu, "Linarithiwa."

"Haya. Mwenyewe kafariki. Huyu karithishwa jina, karithishwa kazi, bastola na gari. Hebu mpeni heshima yake, mgeni mkekani huyu."

Mabenchi yakashusha pumzi. Waliokuwa wamesimama wakakaa. "Mngesema mapema," akanung'unika mmoja, na filamu ikaendelea kwa amani. Nilimtazama yule mama nikastaajabu, kwa sababu kwenye banda lile hapakuwa na mtu aliyelikimbia neno hilo kuliko yeye.

Ila muuza kamba hakuridhika. Filamu ilipokwisha aliinua mkono. "Na arobaini yake ililiwa wapi?"

Swali hilo lilitutesa wiki nzima. Tulikuwa tumemjua marehemu miaka, tumefurahi naye, na hatukuwa tumemfanyia lolote. Mwishoni watu walichanga. Mchele ulitoka Chumbi, muuza kamba akatoa kapu zima, akina mama wakapika pilau nyuma ya banda langu. Tukamwendea mwalimu wa madrasa atusomee.

"Mnataka nimsomee mtu wa kwenye kioo?" akasema. "Hata jina la baba yake mnalijua?"

Hatukulijua. Akakataa katakata, nasi tukaona ana haki. Lakini pilau lilikuwa limeiva na harufu imefika msikitini, basi akaja akala nasi kama jirani, sahani mbili, na akasema tukipata msiba mwingine wa namna ile tusimsahau. Hiyo ndiyo hitima isiyosomwa ya jasusi wa Kibiti, na sijui mji mwingine ulioifanya.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka, isipokuwa siku basi lilipoleta kanda ya zamani baada ya mpya. Marehemu akatokea kwenye kioo, mzima, anaendesha gari, na mtu mmoja akatoka nje mbio bila viatu. Mkalimani akalazimika kutufundisha kwamba kanda zina umri, na kwamba aliye mbele yetu anaonyeshwa siku za uhai wake. Alizipanga kanda zangu zote rafuni kwa utaratibu wa kutengenezwa kwake, akaziandika namba kwa kalamu ya mafuta. Ndipo alipoanza kutusomesha lile lililokuwa likimvutia yeye.

"Mtazameni adui," alikuwa akisema. "Shemeji hana neno, yeye kazi yake kupiga tu. Mtazameni anayepigwa."

Na kweli. Kwenye kanda za mwanzo adui alikuwa serikali ya watu, na majenerali, na ramani kubwa mezani. Katikati wakaja wauza madawa ya kulevya. Zilizofuata, adui ni tajiri mwenye makampuni, ana ndege yake, anatabasamu, anamkaribisha jasusi chakula. Mkalimani alimmulika tajiri huyo kwa tochi akasema, "Mnaona? Hata adui naye keshabinafsishwa." Banda likavunjika mbavu, maana ilikuwa ile miaka ambayo kiwanda kinauzwa leo na kesho kingine, na mnunuzi anakuja na tabasamu vile vile.

Vitu navyo vilibadilika. Jasusi wa kwanza alibeba redio ya siri nzito kama tofali, wa baadaye alikuwa na saa ya mkononi inayofanya kila kitu. Simu isiyo na waya tulipoiona, tulimwambia Mkalimani hapo amezidisha chumvi, mpaka mnunuzi mmoja wa korosho alipofika Kibiti na ya kwake kiunoni, ingawa haikulia hata siku moja. Jasusi aliacha sigara. Kicheko chake kikaja, kikaondoka, kikarudi.

Zaidi ya yote walibadilika wanawake. Wa zamani kazi yao ilikuwa kupiga ukelele na kungojea, na Mkalimani aliwasemea kwa kisauti chembamba cha pua ambacho kilituchekesha. Wa baadaye waliendesha pikipiki, wakarusha risasi, wakamwambia jasusi ukweli wake. Hao hakuwabania sauti. Aliwasemea kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kawaida, na benchi la akina mama likajaa mpaka ikabidi nilete mkeka.

Katika miaka hiyo yote mjomba wake alikuwa akija. Kila msimu wa korosho alitoka Mtunda na baiskeli, akasubiri filamu iishe, akazungumza naye nje.

"Mwanangu, jina limekaa juu. Litashuka lini?"

"Pole na safari, mjomba, lakini jibu langu unalijua."

"Binti mkubwa kaolewa, mkaja wake kapokea mtu baki. Nguo ya mama mzazi, kapokea mtu baki! Huyu mdogo kasema yeye haolewi mpaka awepo mama wa kupokea. Unataka azeeke?"

Mjomba alipoondoka Mkalimani hakuwa na raha. Nilimuuliza siku moja, kwa upole, anachoogopa ni nini. Akasema: "Nilimpenda dada yangu kupita kiasi. Nikiitwa yeye, yeye ndo kafa kabisa, kiti chake kimekaliwa. Na miye je? Miye nani atanikumbuka? Itakuwa tumekufa wawili." Machozi yalimlenga, nikamletea maji.

Kisha kanda mpya za jasusi zikakatika. Ikapita miaka mingi bila hata moja. Tuliangalia za zamani mpaka tukazijua kwa moyo, muuza kamba akawa anasema maneno ya adui kabla ya Mkalimani. Katikati ya ukame huo ndipo akaja kijana kutoka Dar, mpwa wa mwenye duka la jirani, kavaa fulana ya mitumba yenye maandishi. Alikaa akamsikiliza Mkalimani akimweleza mtoto mmoja jinsi jina la jasusi lilivyorithiwa, akashindwa kuvumilia.

"Oya, mnauziwa mbuzi kwenye gunia hapa," akasema. "Hakuna cha kurithi wala nini. Hao waigizaji tu, wanabadilishwa. Hakuna aliyekufa. Chekini wenyewe, wanaponda raha."

Akatoa gazeti la picha la Kizungu. Ukurasa wa katikati palikuwa na sherehe, na wanaume kadhaa wamesimama bega kwa bega, gilasi mkononi. Tuliwajua mara moja. Wa kwanza, mwenye kifua, sasa nywele zimekuwa nyeupe. Wa pili, yule karani. Na waliomfuata. Wote wanacheka.

Muuza kamba alilishika lile gazeti. "Kamba wangu," akasema. "Kapu zima. Nimelisha arobaini ya mtu yu hai!"

Kelele zilizofuata sikuwahi kuzisikia tena. Mkalimani alisimama pale pale pake mpaka wakachoka.

"Kwamba ni waigizaji, nilijua," akasema. "Mlitaka kuondoka, nikatafuta neno mnalolijua. Hilo kosa langu, nisameheni. Ila kwamba wako hai, wallahi sikujua. Wa kwanza sikumwona tena, nikadhani kafa. Lete hapa."

Akapewa gazeti. Akaliwashia tochi, ingawa ilikuwa mchana na jua linapenya kwenye makuti. Alikwenda uso kwa uso, akarudi mwanzo, akaenda tena. Nilidhani anaona haya. Kumbe alikuwa anaanza kucheka, taratibu, peke yake.

"Mtazameni," akasema. "Jina moja wote hawa. Na kila mtu kabaki na sura yake. Hakuna aliyemla mwenziwe." Akamuuliza kijana kama anaweza kupewa ule ukurasa. Kijana, ambaye alitegemea ugomvi, akauchana akampa.

Wiki tatu mabenchi yalikuwa nusu. Watu walisusa, muuza kamba akiwa kiongozi wao, na Mkalimani alifasiria vile vile, bila kulalamika, kana kwamba banda limejaa. Halafu basi likaleta mpya. Jasusi mpya, baada ya miaka yote ile! Habari ilifika Mbuchi kabla sijafungua karatasi ya kanda. Siku hiyo walikaa mpaka madirishani. Filamu ikaanza, uso mgeni ukatokea, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu nani tena?"

Tulimtazama Mkalimani. Aliyejibu ni muuza kamba, kutoka benchi la mbele, bila kugeuka: "Karithi huyo. Kaa kimya uone."

Banda likalipuka kwa makofi. Lilipolipuka mara ya pili ni pale mkubwa wa ofisi ya jasusi alipoingia, akawa mwanamke, tena wa makamo, na akamgombeza jasusi akiwa amesimama. Akina mama walipiga vigelegele mpaka sikusikia jenereta. Mkalimani alimsemea yule mkubwa kwa furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baada. Alipomaliza alikunywa maji yake, akaniaga. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Niliambiwa amepanda baiskeli ya mjomba.

Ilikuwa msimu wa pili wa korosho baada ya hapo nilipofika Mtunda kununua magunia. Nikapita nyumba yenye ngoma na turubai, akina mama wengi, masufuria motoni. Uani, mkekani, alikuwa amekaa. Amekaa kweli kweli, miguu ameinyoosha, anachambua mchele.

"Mkalimani!" nikaita. Hakugeuka. Mama mmoja akaniambia hapo hakuna mtu wa jina hilo, akanitajia jina jingine. Jina hilo sitaliandika, lina wenyewe, na lilikuwa na mtu kabla yake.

Nikasogea, nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenye banda! Karibu, leo kuna kula." Alinicheka jinsi nilivyosimama. "Kaa basi, hapa hatusimami."

Nikakaa. Nikamuuliza kama ile hofu yake imekwisha.

"Haijaisha yote. Lakini nilikuwa nadhani nitapotea, na sijapotea. Dada nikimkumbuka, namkumbuka zaidi, maana kila anayeniita ananitajia."

"Na wao wamekuzoea?"

"Mwanzo walinitazama vile mlivyokuwa mnamtazama yule karani. Sauti siyo, mwendo siyo, mchuzi wake haukuwa hivi. Nikasema sawa, nami nilikuwa huko huko nikiwatuliza wengine. Mwezi wa pili wakaanza kuniomba hela za sabuni. Nikajua nimekubalika."

Tulicheka wote wawili mpaka mchele ukamwagika. Nilikuwa bado na mengi ya kumpa, salamu za muuza kamba na habari za kanda nyingine iliyokuja, nikafungua mdomo nianze. Ndani ya nyumba mlango ukafunguliwa kidogo, sauti ya bibi harusi ikatoka, ya msichana aliyekwisha kulia na sasa ana haraka.

"Mama! Wamefika wenye mkaja!"

"Abee, mwanangu!" akaitika, na alikuwa amesimama kabla sijatamka neno, anajipangusa mikono, anaingia ndani.